Mwoga Ndiye Kiongozi wa Sifa

Wacha nikwambie ukweli, jirani, maana wewe si wa kanisa letu na hutanichoma. Mimi ni mwoga. Si ule uoga wa kawaida wa kila mtu. Wangu ni wa kufuzu. Naogopa radi. Naogopa mbwa, hata wa kufungwa. Naogopa barua ya shule iliyokunjwa vizuri. Naogopa simu ikilia saa tisa usiku, na hata ikilia saa tisa mchana bado naichungulia kwa jicho moja. Naogopa karani wa majani akiinamia kikapu changu pale senta ya kupimia chai, akichambua, akinyamaza. Naogopa ile mashine ya kuchuma chai kwa sababu inachuma kuliko mimi na haiombi chai ya saa nne.

Na sasa balaa lenyewe ndilo hili. Kanisani kwetu, huku kati ya Litein na Bomet, mimi ndiye kiongozi wa sifa na kuabudu. Nimeteuliwa. Nimewekewa mikono mbele ya watu. Nimepewa maiki. Watoto wa Sunday School wananiita mtumishi. Ungejua nilivyofika hapo ungecheka umwage hiyo chai, na chai kwa bei ya siku hizi si ya kumwaga.

Shida yangu ilianzia juu, mbinguni. Wewe Kericho unaijua kwa kalenda. Majani ya kijani yamelala sawasawa, akina mama wamebeba vikapu, wote wanacheka sijui wameambiwa nini. Kalenda haina sauti, bwana. Haikuonyeshi alasiri, upepo wenye maji ukipanda kutoka Ziwa Victoria, unakutana na mwingine unaotoka ng'ambo ya Mau, wanashikana mashati juu ya paa langu. Vitabu vya hali ya hewa vinaitaja sehemu hii yetu ya Kericho na Nandi Hills kati ya zile zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Duniani! Ukitoa mbio, hilo ndilo jambo tunaloongoza. Kupigwa mawe.

Haya nayajua kwa sababu ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye hushinda hapa kwenye kibanda hiki cha chai. Huyo mzee amesoma mpaka amepitiliza. Aliniambia miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai walikuwa wakirusha roketi mawinguni ili kuyavunja mawe kabla hayajashuka. Baadaye wakaleta ndege za kunyunyizia mawingu dawa. Nikamwuliza, na sisi wenye ekari moja? Akasema sisi tulikuwa tunatazama.

Halafu akaniongezea msumari. Ati mwaka 1982 watafiti wawili, Russell Schnell na Suzan Tan-Schnell, waliandika kwamba mabaki ya majani ya chai yenyewe, yakipeperuka juu, yanayasaidia maji ya mawingu kuganda kuwa barafu. Yaani nalima chai, chai inapanda mbinguni, inageuka jiwe, inarudi kunipiga mimi mwenyewe. Siku hiyo niliagiza soda.

Na si kwamba yale mawe yanaumiza kichwa tu. Dakika chache za mvua ya mawe zinatosha. Majani yamechanika, vichipukizi vimevunjika, shamba limekuwa mboga. Unakaa wiki kadhaa ukingoja kichaka kitoe tena majani mawili na kichipukizi. Kikapu kinaning'inia ukutani. Karani hana cha kupima. Na ile bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai, ambayo huku magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida haiifikii ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, inazidi kukonda. Kwa hivyo radi ikipiga mimi sisikii radi. Nasikia karo.

Sasa mama watoto. Mama watoto haogopi kitu. Sijui alizaliwa vipi. Nyoka akiingia jikoni anamwambia atoke kwa mlango alioingilia. Siku moja alichoka na mimi. Akatangaza sheria mpya nyumbani: sifa kwanza. Mawingu yakikusanyika, hakuna kulia. Hakuna kuzima simu na kujifungia. Hakuna kuingia chini ya kitanda, na hapo alinitazama mimi, si watoto. Kila mtu sebuleni. Kogo, yaani nyanya ya watoto, mama yangu mzazi, atachagua wimbo kwenye kile kitabu chake cha nyimbo, Tienwogik, ambacho jalada lake limebaki kwa imani. Kifungua mimba atapiga kayamba. Kitinda mimba atapiga sufuria. Baba ataongoza.

“Kwa nini baba?” nikauliza.

“Wewe ni kichwa cha nyumba.”

Wakati huo kichwa cha nyumba kilikuwa kimefunikwa na mto wa kochi.

Basi ikaja. Likaanguka jiwe moja kwenye mabati. Tang. Kimya. Lingine. Tang. Halafu Mungu akafungua gunia lote. Stima ikapotea. Kuku wakaingia ndani bila hodi. Maji yakaanza kudondoka pale pembeni ambapo nimekuwa nikisema nitapaziba tangu huyu kitinda mimba hajazaliwa. Mama watoto akasukuma beseni kwa mguu, mikono yake tayari iko juu kwa Bwana. “Baba watoto, anzisha!”

Nikaanzisha. Nilianzisha juu sana, jirani. Sijui ile sauti niliitoa wapi. Soprano wenyewe hawafiki huko. Nilipofika kwa kiitikio sauti ikakatika, ikabaki hewa. Kogo akafungua jicho moja katikati ya maombi. “Weri,” akasema, “shuka.” Ananiita weri. Kijana mdogo. Mimi mwenye mvi na mkopo wa sacco, mbele ya watoto wangu. Akauchukua ule wimbo akaushusha mpaka mahali watu wanaishi, tukaendelea.

Ubeti wa pili sikuujua. Nikawa nafungua mdomo na kufumba. Mwanga ukapiga dirishani, mweupe, nikaruka nikamkanyaga kuku. Kuku akapiga kelele. Hakuna aliyenyamaza isipokuwa mimi. Mama watoto akarudia kiitikio kwa nguvu zaidi. Kitinda mimba anaibamiza ile sufuria, mabaki ya ugali yanarukia kochi. Kayamba inachanganya. Kogo anapiga makofi polepole, yale makofi ya wazee ambayo hayana haraka na mtu. Na kelele ya juu ya mabati ikawa inashindana na kelele ya chini, na kusema kweli sikujua tena ni ipi iliyokuwa ikishinda.

Nikagundua kitu. Huwa nina kazi moja wakati wa radi: kuhesabu. Mwanga ukipiga, nahesabu sekunde mpaka ngurumo ije, nijue imebakisha umbali gani kunifikia. Ni kazi ya kuchosha na hailipi. Sasa, katikati ya ubeti wa tatu, nikakuta nimeacha kuhesabu. Mdomo ulikuwa na kazi nyingine. Huwezi kuimba na kuhesabu. Jaribu.

Mvua ilipotulia, kitinda mimba akaniuliza, “Baba, mbona umeacha kucheza?”

Kucheza nini? Kumbe magoti yalivyokuwa yakitetemeka, mtoto alidhani nacheza kwa furaha ya Bwana. Alikuwa ananiiga. Mtoto wangu wa mwisho amejifunza kuabudu kwa kuiga magoti ya mwoga.

Shamba? Lilichanika. Wacha nisikudanganye. Tuliimba vizuri na chai ikachanika vizuri. Kesho yake nilisimama pale chini nikitazama vile vijiti. Mama watoto akaja na kahawa, ndiyo, kahawa, akasema tumshukuru Mungu paa limebaki. Nikamwambia mimi kabla ya kushukuru huwa nangoja kwanza nione bonasi. Akaniambia kwa hivyo mwaka huu utanyamaza mpaka Oktoba, bonasi ikitoka?

Jumatano pasta akaja nyumbani kwa ushirika. Nafikiri mama watoto alimwita. Akafungua Mambo ya Nyakati ya Pili, sura ya 20. Mfalme Yehoshafati wa Yuda. Wamoabu wanakuja, Waamoni wanakuja, na watu wa Mlima Seiri nao wameongozana. Jeshi kubwa. Pasta akasoma kwamba mfalme aliogopa.

“Rudia hapo,” nikasema.

Akarudia. Aliogopa. Imeandikwa. Mfalme mzima, mwenye jeshi na farasi, aliogopa, na Biblia haikuficha. Jirani, nilikaa sawa kwenye kiti. Miaka yote nimekuwa nikidhani Biblia ni ya watu wa Daudi na kombeo tu, kumbe na sisi tumetajwa.

Huyo mfalme akatangaza kufunga. Watu wote wa Yuda wakaja wakasimama mbele za Mungu, na wake zao, na watoto wao, hata wale wadogo. Familia nzima nzima, si wanaume wa vita peke yao. Asubuhi akapanga jeshi. Mbele ya askari akaweka nani? Waimbaji. Kwaya, jirani! Wenye mikuki nyuma, wenye nyimbo mbele. Walipoanza kusifu, maadui wakageukiana wakamalizana wenyewe, na watu wa Yuda wakakaa siku 3 wakikusanya nyara.

Pasta akauliza kama kuna mwenye swali. Nikainua mkono. Nilitaka kujua mstari wa mbele kabisa walisimama soprano au besi. Kwa maana mimi ningeomba besi. Nyuma. Karibu na punda. Mama watoto akanikanyaga chini ya meza. Pasta akasema nimepitwa na somo. Mimi naona sikupitwa. Wale waimbaji hawakuwa na ngao. Lazima kuna mmoja aliyekuwa akianzisha juu sana.

Pasta akaendelea na Paulo na Sila, Matendo ya Mitume sura ya 16. Wamechapwa viboko huko Filipi, miguu imebanwa kwenye mkatale, usiku wa manane wanaomba na kumwimbia Mungu, wafungwa wengine wanasikiliza. Ndipo tetemeko likaja, milango ikafunguka. Na mlinzi wa gereza akabatizwa usiku huohuo na watu wa nyumbani mwake. Pasta akatutazama mmoja mmoja. Wale waliimba kwanza, akasema, tetemeko likafuata. Mimi nikatazama kwingine. Kwangu mimi siku zote tetemeko limekuwa likitangulia, na wimbo unangoja benki ifungue.

Nikainuka hapo nimejaa. Lakini unajua mwoga hapendi kuweka mayai yote kwenye kikapu kimoja. Nilimwendea mwalimu mstaafu kimyakimya. Nikamwuliza wazee wa zamani, kabla ya wamisheni, walifanya nini radi ikipiga. Akaniambia Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, aliandika kitabu juu ya jamaa zetu Wanandi mwaka 1909. Wazee walisema ngurumo ziko mbili. Ile njema ni ile inayonguruma kwa mbali, na ile mbaya ni ile inayopasuka juu ya kichwa ikitaka kushuka iue watu, na ile njema ndiyo inayoizuia. Na mvua ikizidi, mtu wa ukoo wa Toiyoi alichukua shoka, akalipaka majivu ya mekoni, akalirusha nje, akiiamuru ngurumo inyamaze.

Nikarudi nyumbani. Nikauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari, kama hatungeweza kuweka shoka karibu na mlango. Kama akiba tu.

Kogo aliacha kusonga ugali. Kogo hasongi haraka, lakini siku hiyo aliacha kabisa. Yeye ni wa Africa Gospel Church tangu usichana, alikulia upande wa Tenwek. Akanikumbusha kwamba zahanati ya Tenwek ilianza mwaka 1937 na daktari wa kwanza, Ernest Steury, hakufika mpaka 1959. Hesabu mwenyewe. Zaidi ya miaka 20, manesi na maombi. Mama yake Kogo alibebwa usiku kupelekwa kujifungua huko, na waliombeba waliimba njia nzima. “Waliimba kwa sababu ya Mungu,” Kogo akasema, “na kwa sababu ya fisi.”

Nikamwuliza, kwa hivyo waliogopa?

“Sasa, weri, usiku, fisi, mama anaumwa, wewe ungefanya nini?”

Nikanyamaza. Tunajua wote ningefanya nini.

“Na shoka,” akamalizia, “ulilikopesha jirani. Halijarudi.”

Sasa ndio tufike kwa ile maiki. Jioni moja lori la majani lilichelewa senta. Tulingoja na vikapu mpaka giza likaingia. Wengine wana boda. Mimi nina miguu. Njia ya kwetu inapita katikati ya chai, kijinjia chembamba, vichaka vimekufika kiunoni pande zote. Mchana ni pazuri, unaweza kupigia picha ya harusi. Usiku, jirani, kila kichaka kina mtu amechuchumaa. Mbwa aweza kuwa hapo. Mwizi aweza kuwa hapo. Wale fisi wa Kogo waweza kuwa na wajukuu.

Nikaimba. Ningefanya nini? Niliimba kwa nguvu zangu zote, ule wimbo wa sebuleni, nikianzisha juu kabisa maana Kogo hakuwepo wa kunishusha. Nilisifu. Niliabudu. Nilipiga haleluya hata mahali pasipo na haleluya. Nikafika kwa kiitikio.

Kiitikio kikaitikiwa. Kutoka ndani ya chai. Kwa besi.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nilikimbia. Gambuti la kushoto lilibaki matopeni, mimi nikaendelea. Kikapu kikabaki. Na ile besi ikawa inakuja nyuma yangu, inaimba! Mimi nakimbia naimba kwa sababu nimeshindwa kuacha, yenyewe inakuja inaimba. Tulipokezana mpaka karibu na lango langu. Ubeti mimi, kiitikio yeye. Mbwa wote wa kijiji wakaitika. Niliingia ndani nikafunga komeo, mama watoto akaniuliza mbona umepiga kwata na mguu mmoja. Nikasema Roho amenigusa.

Jumapili mzee wa kanisa akasimama kwa matangazo. Mkononi ana mfuko wa plastiki. Akatoa gambuti. Nikalijua. Lina kiraka nilichobandika mimi mwenyewe kwa mpira wa tyubu. Akaliinua juu, kanisa zima linatazama. Akasema juzi usiku alikuwa shambani kwake akasikia mtu wa Mungu akisifu gizani peke yake, bila maiki, bila sadaka, akaungana naye. Na yule mtu, akasema, kwa ajili ya utukufu wa mahali pale, alivua kiatu chake na kukiacha, maana alijua amesimama mahali patakatifu. Kutana na Musa, jirani. Musa wa gambuti moja.

Kanisa likalipuka kwa makofi. Pasta alikuwa analia. Mama watoto naye alikuwa analia, lakini mimi ninamjua, yeye alikuwa anacheka. Nikaitwa mbele. Ungesema nini? Ungesema hapana, mimi nilikuwa nakimbia? Mbele ya watu waliosimama? Nikawekewa mikono. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo.

Na cheo kina kazi. Shule zilipofunguliwa tulimsindikiza kifungua mimba mpaka Nakuru. Barabara ya Kericho kwenda Nakuru unaijua. Hapa kidogo sitafanya mzaha. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lililobeba kontena liliacha njia likaingia kwa magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara wakitafuta riziki yao. Zaidi ya watu 50 walikufa. Tangu hapo, ukipita pale, matatu nzima inanyamaza bila kuambiwa. Mtu anayeongea na simu anaikata. Hofu ile si ya mwoga peke yake.

Siku hiyo ya kwenda Nakuru, kabla hatujafika pale, dereva alikuwa anaruka. Alikuwa na haraka zake. Mimi nimeshika kiti cha mbele, vidole vimekufa ganzi. Nilitaka kumwambia apunguze lakini, unajua tena, dereva naye namwogopa. Mama watoto akanigusa kwa kiwiko. “Mtumishi, anzisha.” Nikaanzisha, kwa sauti ya panya. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaitikia. Msichana wangu akaitikia. Makanga akatoa kichwa dirishani akaitikia, kumbe ni mtoto wa kwaya. Mwisho dereva akazima ile redio yake na yeye akaingia. Na akapunguza mwendo! Nimewaza sana juu ya hilo. Nadhani ni vigumu kuovateki lori kwenye kona huku gari zima linaimba habari za kwenda mbinguni. Mtu anaanza kuona kweli tutafika.

Lakini tuelewane. Wimbo haushiki breki. Mkanda nilifunga. Na kama dereva wako anaendesha vibaya, mwambie, usimwimbie tu. Au mtafute mtu wa aina ya mama watoto amwambie kwa niaba yako.

Mwalimu mstaafu nilimsimulia hayo yote, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg kule Uswidi waliwapima wanakwaya mapigo ya moyo wakiimba, wakaona mioyo yao inaongeza kasi na kupunguza kwa pamoja. Ati wimbo unakulazimisha kupumua pamoja na mwenzako, unatoa pumzi ndefu polepole, na moyo unafuata pumzi. Nikamwuliza, kwa hivyo si Mungu, ni pumzi? Akaniuliza, na pumzi umepewa na nani? Nikamlipia chai. Nililipa kwa hela niliyokuwa nimeficha ya kupaka nywele rangi, lakini hilo liache.

Na juzi yule mzee wa kanisa, mwenye besi, alinivuta kando baada ya ibada. Akatazama huku na huku. Akaniambia ile siku ya chai hakuwa ameenda kuangalia shamba. Naye alikuwa anatoka senta. Alisikia nyayo zangu, akaogopa, akachuchumaa ndani ya chai. Alidhani mimi ni mwizi. Aliposikia wimbo ndipo nguvu zikamrudia, akaitikia, na akanifuata kwa sababu hakutaka kubaki pale peke yake. “Nilikuwa nakukimbilia wewe,” akasema. “Wewe ulikuwa unakimbilia wapi?”

Kwa hivyo wale Musa wa kanisa letu ni waoga wawili waliotishana gizani wakaimba mpaka nyumbani. Na tumekubaliana tusimwambie pasta.

Basi jirani, nimekuambia yote, na Oktoba bado iko mbali. Mimi ujasiri sikupata. Usije ukanisifu. Alasiri mawingu yakishuka bado tumbo linaniuma, bado natafuta ule mto wa kochi, na mama watoto bado anaanza kuvuta viti. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Zamani hofu ilianza na ikamaliza. Siku hizi inaanza, halafu wimbo unaipokonya maiki.

Nawe kama nyumbani kwako kuna mtoto anayejificha radi ikipiga, usimwambie wanaume hawaogopi. Atakuangalia magoti. Mwite sebuleni, mpe sufuria na mwiko, muite nyanya yake achague wimbo, na uanzishe wewe. Usingoje ushujaa kwanza, maana Yehoshafati mwenyewe hakungoja. Anzisha chini kidogo kuliko unavyofikiri. Maneno yakipotea, haleluya inatosha kila mahali. Na kabla ya hayo yote, ndugu yangu, panda juu uzibe paa.